Maji Hayajaiva

Phanice alikuwa sokoni Daraja Mbili, akijipimia gauni la mtumba lenye maua ya zambarau, mtu alipomkanyaga kidole.

"Samahani, dada. Natafuta ndoo ambayo haijawahi kuona sabuni."

"Na mimi natafuta mwanamume anayetazama anapokanyaga. Naona sote tutarudi mikono mitupu."

Alikuwa mrefu, shati la drafti limepigwa pasi vizuri. Alicheka, na Phanice akasahau kidole.

Jumatatu alimkuta mjini Kisii, katika hoteli ya Dinesh ambako Phanice alikuwa keshia, mwanamume yule amepiga magoti mbele ya tangi jipya la kioo. Jina lake Momanyi, fundi wa samaki wa mapambo kutoka Nairobi. Dinesh alitaka oska, samaki mkubwa mla wenzake, wateja wamtazame wakila chapati.

"Maji si yako hapo? Mtie!" Dinesh alihimiza.

"Hayajaiva, mzee. Huyu anakula sana, anachafua sana. Lazima vijidudu vizaliane kwanza kwenye sponji ya pampu, ndivyo vitakula sumu yake. Mtu akiiosha sponji na sabuni, tumeanza upya."

Akatia ngege wadogo, samaki wa ziwani, wa kuyazoesha maji, na kila jioni akaja kuyapima kwa matone ya dawa. Kupima kulikuwa kwa haraka. Kuondoka ndiko kulikomshinda.

"Leo umevaa lile gauni," alisema, ameegemea kaunta.

"Umekuja kupima maji ama kunipima mimi?"

"Maji nayaelewa, mrembo. Wewe bado."

Phanice alipenda mpaka chakula kikamkataa. Akitoka yule mwanamume, hoteli nzima iliona baridi. Lakini neno la kesho yao Momanyi hakulitamka. Kisha siku moja aliomba simu ya kaunta, akampigia kaka yake Nairobi.

"Samaki akiingia tu, siku hiyo hiyo naondoka Kisii. Jiandae."

Phanice alisikia kila neno. Asubuhi, kabla ya wateja, aliichomoa sponji, akaisugua kwa sabuni mpaka ikang'aa, akairudisha. Kufikia jioni ngege walikuwa wakielea matumbo juu.

"Fundi gani wewe!" Dinesh alifoka. "Toka! Nitatafuta mwingine."

Momanyi alikusanya vifaa vyake taratibu, macho kwenye tangi. Phanice angeweza kunyamaza na kazi yake ikabaki. Lakini alipomwona akielekea mlangoni, alitoka nyuma ya kaunta.

"Ni mimi, mzee. Niliosha sponji. Nilitaka akae."

Wateja waliacha kutafuna. Dinesh alifungua mdomo, ila Indu mkewe akamshika mkono.

"Nikae?" Momanyi aliuliza. "Kwani nilikuwa naenda wapi?"

"Nairobi. Nilikusikia kwa simu."

"Nairobi si ndiko nilitoka? Nilikuwa naenda kwenu Nyansiongo, Phanice. Na kaka yangu, tumwone baba yako. Singeweza kumposa msichana wa watu nikiwa na kazi nusu."

Phanice alijitupa kwenye kiti, machozi yakamtoka.

"Wacha aanze upya," Indu alimwambia mumewe. "Na huyu msichana asisogee karibu na hiyo pampu."

Momanyi alichutama mbele ya Phanice, akamfuta shavu kwa kidole gumba.

"Na sasa?" Phanice alinong'ona.

"Sasa maji hayajaiva, mpenzi."

"Mpaka lini?"

"Mwezi. Labda zaidi. Umejichelewesha mwenyewe."

Phanice alicheka huku analia. Mwezi aliouiba ili awe naye, sasa alitamani uishe kesho.