Isale la Chemchemini

Jua lilikuwa linazama nyuma ya Mlima Meru Anneth alipochukua ndoo ndogo na kushuka chemchemini. Mwanawe Lesian alikuwa amemeza dawa zote za hospitali, lakini homa ilikataa kushuka, na mama mkwe akataka maji ya chemchemi ya wazee ya kumwogeshea. Anneth, mtoto wa mjini, hakuyaamini mambo hayo hata kidogo. Ila kwa Lesian angefanya lolote.

Njia ilikuwa ya kale, nyembamba, imebanwa na ua wa masale, mimea ya majani marefu, pande zote mbili. Akachota. Akapanda hatua mia hivi, akakata kona...

Chemchemi.

Akadhani amepotea, ingawa njia ilikuwa moja tu. Akapanda tena, mbio, maji yakimwagikia miguuni.

Chemchemi ile ile.

Akajaribu kupenya kwenye ua. Masale yalikuwa yamesongamana, hayakupitisha hata mkono. Mtoto anamsubiri, na yeye amefungiwa huku!

Halafu akasikia harufu. Mafuta ya mtoto... yale yale aliyompaka Lesian asubuhi.

Juu ya jiwe alikuwa ameketi bibi kizee, amejifunika shuka mpaka puani.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alinyoosha mkono, na mkononi mlikuwa na jani la isale lililofungwa fundo.

Anneth aliijua maana yake. Kwao Uchagani na huku Umeruni ni mamoja: anayekuletea isale anaomba radhi, na isale halikataliwi, hata kama amekuulia ndugu.

"Nisamehe, mama," bibi alinong'ona.

"Kwa lipi?"

Maji yakadondoka... tone... tone...

"Pokea. Njia itafunguka."

Giza lilikuwa linaingia. Anneth akautazama ule ukuta wa majani, akamfikiria mwanawe, akapokea.

"Nimekusamehe," akasema harakaharaka, apate kwenda zake.

Hatua kumi tu zikamfikisha nyumbani.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza maji. Aliliona jani, akashika mwimo wa mlango.

"Umelipokea kwa nani?"

Anneth akampita, akaingia ndani. Lesian alikuwa amelala, ametulia. Akamgusa kwenye paji la uso. Homa ilikuwa imekwisha. Mwili wote ulikuwa wa baridi.

Akafungua kinywa amlaani yule bibi. Sauti haikutoka.

Alikuwa amekwisha kumsamehe.