Hesabu Saba

Alhamisi, saa 10:20 jioni. Mtaa wa Ufukoni, mjini.

Chumba cha nyuma kilikuwa cha fundi wa kuchaji betri. Kilinuka asidi. Sudi alipanga korosho ghafi mezani, moja moja, kisha akaanza kuzigusa kwa kidole.

"Hii Newala. Hii Nanyamba. Hii njia panda ya kwenda Madimba. Na hili," akaweka kiberiti, "ndilo lori."

Walikuwa watatu. Sudi, mwenye mpango. Issa, mwenye bastola. Hashimu, mwenye leseni mpya ya magari makubwa.

Msimu ule wa 2001 genge lilikuwa na kila kitu isipokuwa dereva. Mnunuzi alikuwepo. Godauni la kiwanda kilichokufa lilikuwepo, njia ya Madimba, lina geti na halina mlinzi. Gunia mia tatu za korosho zingeingia humo, zingebadilishwa viroba, na kuuzwa upya kabla mwenyewe hajamaliza kulia. Lakini lori la tela refu, tela la wazi lisilo na kuta, lenye tani ishirini na nne mgongoni, si baiskeli. Mwaka uliotangulia walimpa lori dereva wa pikapu. Akalizamisha mchangani hatua mia kutoka alipolitwaa, na wote wakatimua mbio kwa miguu. Aibu ile ilimkaa Sudi kooni. Ndipo akamtuma Hashimu, kaka wa mkewe, akajifunze kazi kwa miezi minne, akiwa utingo wa dereva mmoja mzee.

"Rudia, shemeji," Sudi alisema.

"Tukipita Nanyamba namwambia mzee nanusa breki inaungua. Anasimama."

"Una hakika?"

"Anasimama hata kwa harufu ya uongo. Anashuka na nyundo yake kugonga matairi."

"Issa anatoka kwenye mikorosho, anamfunga kamba, anabaki naye. Wewe unashika usukani. Mimi nawasubiri njia panda na pikapu, unanifuata." Sudi akainua kidole. "Na majani hakuna. Mkisimama, usiweke jani hata moja barabarani. Nyie madereva mkiona majani mnasimama kama nzi kwenye utumbo."

"Saa ngapi?"

"Saa sita na nusu. Kesho Ijumaa. Kila mwanamume wa vijiji vile yuko msikitini. Barabara itakuwa nyeupe."

Hashimu alifungua mdomo. Katika miezi minne hakuwahi kuona lori likisimama kwa ajili ya Ijumaa. Msafiri ana ruhusa yake, na madereva wengi wa Masasi ni Wakristo. Saa sita na nusu ndiyo saa ya malori, kwa sababu baiskeli na mbuzi wamepungua njiani. Sudi alikuwa mtu wa mjini, hakuyajua hayo.

Kabla hajasema akauliza jambo jingine.

"Na mzee?"

"Mzee atakutwa jioni na wachunga ng'ombe. Ana kiu tu."

Issa alitazama ukuta. Hashimu akafuata macho yake. Nyuma ya mlango palikuwa na koleo na jembe jipya, karatasi ya duka bado imeshika kwenye mpini. Na njia nzima ya Nanyamba haina mchunga ng'ombe hata mmoja, ni nchi ya mihogo na mikorosho. Basi akafunga mdomo, na habari ya malori ikabaki humo humo.

Ijumaa, saa 12:15 asubuhi. Newala.

Emmanueli, mzee mwenyewe, alikuwa Mmakua wa Masasi, mfupi, mwenye hasira za karibu. Mwezi wa kwanza hakumruhusu Hashimu kugusa usukani. Ilikuwa kamba tu. Kutandika turubai, kuvuta kamba, kufunga fundo, kufungua, kufunga tena. Tela lisilo na kuta halina wa kukusaidia, alisema, kila gunia linategemea mkono wako. Mwezi wa pili ilikuwa kurudi nyuma: ukitaka tela liende kushoto, usukani uende kulia. Hashimu aliangusha uzio wa shule na choo cha mwenyekiti wa kijiji. Emmanueli alimtandika kofi la kisogo, kisha akaenda mwenyewe kuomba radhi kwa mwenyekiti.

Mwezi wa tatu, breki.

"Lori tupu, hesabu tatu linasimama," alimwambia. "Lenye nzigo, hesabu saba. Ukikanyaga ukiwa na hesabu tano, umeua ntu. Usimlaumu Mungu."

Tangu siku hiyo walikuwa wakihesabu pamoja kwa sauti, katika kila mteremko, kama watoto wa chekechea.

Na majani. Gari likisimama, hata kwa dakika mbili, majani kwanza. Hatua thelathini, hatua sitini, hatua tisini, mbele na nyuma. Mdogo wake Emmanueli alikufa chini ya lori lililoharibika kwa sababu utingo aliona uvivu wa kukata matawi. Mzee hakuisimulia habari hiyo zaidi ya mara moja, na Hashimu hakuhitaji kuisikia mara ya pili.

Asubuhi hii mzee alizunguka tela, akavuta kila kamba. Akasimama kwenye fundo la mwisho.

"Hili umefunga wewe?"

"Mimi, mzee."

"Zuri." Akapanda. Katika miezi minne ndilo neno jema la kwanza. Hashimu aliona uchungu, akageuka kutema mate.

Saa 6:35 mchana. Mbele ya Nanyamba.

Barabara nyekundu. Mikorosho pande zote. Hakuna mtu.

Hashimu aliiona alama, kitambaa cha bluu kwenye kisiki.

"Mzee, nanusa breki."

Emmanueli hakuuliza. Akapunguza gia, akahesabu, lori likasimama na kutoa pumzi ya upepo. Akachukua nyundo.

"Majani," alisema.

Hashimu alikaa na panga mapajani. Majani hakuna, Sudi alisema. Angeweza kumdanganya mzee kwamba ni dakika moja tu. Akashuka. Akakata matawi ya vichaka.

"Usiguse nkorosho wa ntu!" Emmanueli alipiga kelele kutoka chini ya tela.

Hatua thelathini. Hatua sitini. Kwenye tisini kichaka kikaongea.

"We! Umeambiwaje?" Ilikuwa sauti ya Issa.

"Nisipoweka atashtuka. Ananijua."

Issa alitukana, akatoka kichakani kulielekea lori. Uongo ule ulikuwa na ukweli ndani yake ndiyo maana ulipita. Hashimu alikwenda na upande wa mbele akaweka mengine, taratibu, akihesabu hatua. Aliporudi Emmanueli alikuwa amepiga magoti, bastola kisogoni. Nyundo ilikuwa chini. Mkono wake wa kulia ulining'inia vibaya, Issa alikuwa ameupiga kwa kitako cha bastola.

Mzee hakumtazama Issa. Alimtazama Hashimu. Ngoma ya breki alikuwa ameishika kwa kiganja, na ilikuwa ya baridi.

"Washa gari," Issa alisema. "Mimi na babu tunaingia mitini kidogo."

"Kamba hii hapa. Mfunge hapa hapa."

"Nimesema washa gari."

Akamsukuma mzee kati ya mikorosho. Toka barabarani Hashimu aliliona tuta la udongo mbichi. Shimo lilikuwa tayari. Lilichimbwa asubuhi, labda Issa akipumzika na kula muhogo.

Ndipo ukasikika muungurumo. Lori lilitokea nyuma, likayaona majani, likaanza kutoa upepo wa breki tangu mbali. Likasimama. Lilikuwa la Petro, dereva wa Masasi mwenye kitambi na sauti ya spika, na utingo wake wawili.

"Vipi hapo? Mnakosa nini?"

Ndivyo wanavyoulizana. Unajibu jeki, au tairi, au maji, na mtu anakupa. Ukijibu hatukosi kitu, anaondoka.

Hashimu alijua kwamba bastola inamwelekea kutoka mahali fulani kwenye majani. Alijua pia kwamba akisema "tairi tu, kaka, tumeshamaliza," usiku atalala kwake akiwa tajiri. Aliogopa, na haikuwa siri.

"Tunakosa mzee," alisema.

"Emmanueli? Yuko wapi?"

"Mitini. Kuna mtu ana bastola."

Petro hakuuliza la pili. Alivuta chuma cha kufungulia matairi, utingo wakashuka na vyao, wakaingia mitini kutoka pande tatu wakipiga mayowe. Risasi moja ilisikika, ikatoboa turubai, korosho zikaanza kumwagika kidogo kidogo. Ya pili haikuwahi. Issa alitolewa akiburutwa miguu, meno mawili pungufu.

"Muulizeni huyo!" alipiga kelele, damu ikimtoka. "Huyo ni wetu! Muulizeni!"

Petro akageuka kumtazama Hashimu. Chuma kilikuwa bado mkononi mwake.

Emmanueli alitoka kati ya miti akishikilia mkono wake uliovunjika. Alimkazia Hashimu macho. Hashimu akaangalia chini.

"Jambazi atasema lolote," mzee alisema. "Huyu ni utingo wangu. Mfungeni huyo kwenye gari lako, Petro. Hashimu, toa majani barabarani. Utaendesha wewe."

Saa 7:20 mchana. Njia panda.

Hashimu aliendesha, mzee kiti cha pili. Lori la Petro lilikuwa nyuma, limefichwa na vumbi.

"Breki ilikuwa baridi," Emmanueli alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Shimo lilikuwa langu."

"Mimi sikujua mpaka jana."

"Jana jioni ulijua. Leo asubuhi umekunywa chai yangu."

Machozi yalimjia Hashimu, akayafuta kwa bega asiache usukani.

"Tukifika mjini unasimama polisi. Unaingia mwenyewe kwa miguu yako. Kuna mwingine mbele?"

"Shemeji yangu. Kamuoa Hawa, dada yangu. Ana shotigani. Mzee, inama chini."

Pikapu nyeupe ilikuwa kivulini, pale pale. Sudi alimwona Hashimu peke yake kwenye usukani, akacheka, akapiga honi mara mbili. Akatangulia kushika njia ya Madimba, mkono mmoja nje ya dirisha, ukiita.

Hashimu akaenda moja kwa moja, njia ya mjini.

Kwenye kioo aliona pikapu ikisita. Ikageuka. Ikaja kwa fujo, ikamfikia, ikaenda naye sambamba. Sudi alichungulia juu.

"Shemeji! Umepotea!"

Ndipo mzee akakohoa kwa vumbi, kichwa chake kikaonekana dirishani. Sudi alikiona. Cheko likamtoka usoni. Akakanyaga mafuta, akapita, akatokomea kwenye mteremko.

Lori lilipofika juu, Hashimu aliliona jambo zima chini yake. Pikapu imewekwa kukingama daraja. Sudi amesimama mbele yake, miguu imepanuliwa, shotigani begani, ametulia kabisa. Alikuwa na hakika. Shemeji yake angesimama, kwani angefanya nini? Kwa mtu wa pikapu, umbali ule ulikuwa mwingi.

Moja. Palikuwa na nafasi ya hesabu tisa. Akikanyaga sasa, lori lingesimama mbele ya mdomo wa shotigani, na kiti cha pili kingelowa damu.

Mbili. Zilibaki saba kamili: akikanyaga hapa, lingesimama pua kwa pua na Sudi. Hawa alikuwa na mimba ya miezi sita.

Tatu.

Nne. Zilibaki tano. Akakanyaga.

Alikanyaga vizuri, kama alivyofundishwa, bila kufunga matairi, gia chini, tela limenyooka. Upepo ulilia. Sudi alipiga risasi moja, kioo kikapasuka upande ambao hapakuwa na mtu. Kisha akaelewa, akajaribu kukimbia, na nyuma yake palikuwa na pikapu yake mwenyewe.

Lori lilisimama katikati ya daraja. Kamba zote zilishika. Hakuna gunia lililoanguka.

Saa 7:31 mchana.

Emmanueli aliinuka kutoka sakafuni, vipande vya kioo mgongoni. Alitazama mbele, kisha akatazama pembeni kwa muda.

"Ulikanyaga kwenye nne," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nahesabu."

Msikiti wa kijiji cha ng'ambo ulikuwa umetoka, na watu wa kanzu walianza kuonekana mbali, wanakimbia kuja. Petro alikuwa bado nyuma kwenye vumbi. Polisi wangekuja baadaye na wangeuliza. Maiti ingehitaji kufunikwa, na mtu angehitaji kwenda Ufukoni kabla ya alasiri kumwambia Hawa. Kwa desturi mtu huyo ni kaka yake.

Hashimu alizima gari. Akavuta breki ya mkono. Akachukua panga, likamponyoka mara mbili.

"Majani kwanza," mzee alisema, kwa upole ambao hakuwa nao siku zote.

Akashuka, akapita pembeni ya kile kilichokuwa mbele ya lori bila kukitazama, akaanza kuhesabu hatua.