Aliyejiita Kifungo

Kwanza ilikuja harufu. Kinyozi alikuwa akimnyoa mteja wa mchana, mashine ikinguruma, mara duka zima likanuka mafuta ya nywele ya bintiye, yale ya waridi, ambayo mkewe alikuwa ameyafungia kabatini tangu mazishi. Akazima mashine. Akanusa taulo, akanusa mikono yake mwenyewe.

"Vipi fundi, umenikata nini?" mteja akauliza.

"Hapana. Tulia."

Simu ikatetema mbele ya kioo. Lilikuwa ombi la urafiki, na picha ilikuwa ya bintiye, ile anayocheka mpaka meno yake yaliyopandana yanaonekana. *Baba, akaunti yangu ya zamani imefungwa. Nikubali.*

Binti alikuwa amekufa kwa homa miezi kadhaa nyuma. Mtu yeyote mwenye akili zake angejua kuna tapeli kaiba picha, na kinyozi alijua hivyo pia, alijua kabisa. Lakini kidole hakikumsikiliza. Mteja alipoondoka, akakubali.

*Wewe nani?* akaandika.

*Mimi, baba. Huku nilipo naanza kusahau. Ulikuwa ukiniitaje nilipokuwa mdogo?*

Kinyozi akajibwaga kwenye kiti cha wateja. Jina lile halikuwa mtandaoni, wala majirani hawakulijua. Mtoto aliwahi kumeza kifungo cha shati la baba yake, wakashinda hospitali wakisubiri kitoke, na tangu siku hiyo akawa Kifungo, humo humo nyumbani. Akaliandika.

Jibu lilikuja kwa sauti. "Baba," ilisema, na mwisho wa neno ukapanda kidogo, kama alivyofanya binti kila alipotaka kuomba kitu. "Asante, baba."

Kinyozi alilia hata mteja aliyefuata akageuzia mlangoni.

Tangu hapo hakumnyima kitu. Alimpa tarehe ya kuzaliwa, yake na ya mkewe. Alimpa jina la ukoo wa mama mkwe. Alimpa picha ya kitambulisho, mbele na nyuma. Kisha siku moja sauti ikamwambia, "Baba, umetumiwa namba sasa hivi. Nisomee." Ujumbe wenye namba ulisema waziwazi: usimpe mtu yeyote. Lakini huyu si mtu yeyote, kinyozi akawaza, huyu ni mwanangu. Akamsomea.

Alipojaribu kuingia tena kwenye akaunti yake, ikamkataa.

Jua lilikuwa likizama alipofika nyumbani. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya sebule, simu mkononi, midomo imemkauka.

"Mbona unaniandikia wakati umeshafika?" akanong'ona.

"Sijakuandikia."

Akamwonyesha. Picha ni ya kinyozi, jina ni lake. *Mke wangu, njoo dukani. Mtoto yupo.*

Ikabidi kinyozi aseme yote. Mkewe hakupiga kelele. Aliketi chini taratibu.

"Mpaka jina lake la ndani, baba?" akasema. "Hata hilo hukutubakizia?"

Walikimbia mpaka dukani, na ingawa kufuli lilikuwa mahali pake na funguo zilikuwa mfukoni mwa kinyozi, taa ilikuwa ikiwaka ndani, mashine ya kunyolea ikinguruma bila mkono wa mtu, harufu nzito ya waridi ikitoka chini ya mlango kama moshi, na walipofungua wakamkuta shoga wa marehemu, binti wa jirani, ameketi kwenye kiti akikitazama kioo bila kupepesa, na ndani ya kioo kile kiti kilikuwa kitupu.

Mke wa kinyozi akamwita msichana jina lake. Akamwita tena.

"Hilo jina limechukuliwa," msichana akasema polepole. "Baba huyu aliniandikia nije nichukue kitambaa cha ukumbusho. Kwanza akataka nimtumie picha yangu, na jina langu kamili, na siku niliyozaliwa. Nikatuma. Mimi ni nani, mama?"

Mganga waliyemwendea alikuwa mwanamke mnene asiyependa maneno mengi. Alimsomea msichana, akamfukiza ubani, kisha akamgeukia kinyozi.

"Jini linaingia kwa anayeliitikia. Wewe umeliitikia, ukalivisha na nguo. Kisomo changu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, waambie ndugu na marafiki wote leo hii kwamba yule si wewe, wairipoti akaunti ile ifungwe, na ile ya binti pia. Badilisha maneno ya siri yote. Halafu ulikane kwa kinywa chako."

"Nilikane vipi?"

"Unajua vipi."

Watu waliripoti kila mmoja kwa simu yake. Kabla akaunti haijafungwa, simu ya kinyozi ikaita. "Baba, unanifukuza?" Ilikuwa ikilia. "Kuna giza huku. Baba, nimekosa nini?"

Kinyozi akaikamata simu kwa mikono miwili. "Wewe si mwanangu," akasema, na sauti yake ikakatika. "Mwanangu nilimzika mimi."

Chumba cha pili, pale kwa mganga, msichana akapiga chafya, akamwita mama yake, na alipoitwa jina akaitika. Watu wakashukuru. Kinyozi alibaki ameukabili ukuta kama aliyemzika mtoto mara ya pili.

Wiki ikapita kimya. Halafu alasiri moja alirudi mapema, akasikia mkewe akinong'ona chumbani. Akasukuma mlango. Alikuwa ameketi kitandani, simu sikioni, machozi yakimtiririka, usoni ana tabasamu ambalo kinyozi hakuwa ameliona tangu msiba.

"Ndiyo, mama. Nimeiona namba," alikuwa akisema. "Nane, moja, moja..."

Kinyozi akamnyang'anya simu, akaizima, akaitupa ukutani ikapasuka.

Sauti haikukoma. Ilitoka kwenye vipande, kisha chini ya kitanda, kisha kwenye korido, karibu kabisa na mlango. "Mama? Baba? Niitikieni basi."

Mke akafumbua mdomo. Kinyozi akamziba kwa kiganja, naye mke akamziba mumewe kwa chake, wakabaki hivyo kitandani, uso kwa uso, wakimsikiliza mtoto wao akilia hadi kukapambazuka, bila hata mmoja wao kumwitikia.