Sindano ya Fanny Ndani ya Friza

Ngazi za nyumba yao huko Garland, Texas, zilikuwa kumi na nne tu. Fanny, mwenye miaka minane, alipumzika mara mbili kabla ya kufika juu.

"Umechoka, mtoto?" mama yake, Généreuse, alimwuliza.

"I'm fine, Mama," Fanny alijibu, akajikalia palepale mlangoni.

Hakuwa mzima hata kidogo. Figo zake zilikuwa zinaugua, na damu yake ilikuwa pungufu. Kila Jumamosi Généreuse alimdunga sindano ya kuongeza damu, kama alivyofundishwa hospitali. Miezi miwili sasa, damu haikupanda.

Alhamisi hiyo daktari alisema, "Isipopanda, wiki ijayo tutamwongezea damu ya mtu mwingine. Lakini damu ya kuongezewa inaweza kufanya iwe vigumu kumpatia figo inayomfaa baadaye."

Maneno hayo yalimkaa Généreuse rohoni. Figo mpya ndiyo iliyokuwa tumaini lao lote.

Jumamosi alipanda jirani wa chini, Prudensia, muuguzi Mtanzania, kuwajulia hali. Alimkuta Généreuse ameinama kwenye friza. Friza hiyo ilikuwa fahari ya nyumba, ndefu kama kitanda. Ndani mlilala sombe, yaani kisamvu, samaki na nusu mbuzi. Kila kitu cha thamani Généreuse alikitia humo. Kama nafasi ingetosha, angemtia hata mumewe. Chini ya sombe akachomoa kiboksi cha dawa.

"Dada, hiyo si dawa ya Fanny?"

"Njo yenyewe," Généreuse alijibu kwa Kiswahili cha kwao. "Mu frigo watoto wanafungua-fungua. Huku njo kuko baridi ya muzuri. Nitaitia mu maji ya moto kidogo, itayeyuka."

Prudensia akavuta kiti. "Umekuwa ukiigandisha muda wote huu?"

"Tangu mwanzo. Joto ya Texas unaijua."

"Dada yangu, dawa hii ikiganda inaharibika. Hata ikiyeyuka, haifanyi kazi tena."

Généreuse alikiweka kiboksi chini. Hospitali walikuwa wamemweleza yote kupitia mkalimani wa simu. Aliitikia "ndiyo, ndiyo" hata pale asipoelewa, asionekane mjinga.

"Mungu wangu! Kumbe ni mimi njo namugonjesha mtoto?"

"Hapana. Sikiliza. Kule ghalani unakofanya kazi, oda isipokuja mnapakia nini?"

"Hakuna. Tunakaa tu, ata kama vitu vimejaa."

"Ndivyo mwili ulivyo. Chembe nyekundu za damu hutengenezwa ndani ya mifupa. Figo ndizo zinazotuma oda. Zikiona oksijeni imepungua kwenye damu, zinatoa homoni iitwayo erithropoietini. Hiyo inaiambia mifupa: tengenezeni! Damu ikitosha, figo zinapunguza oda. Figo za Fanny ni dhaifu, oda haitoshi. Sindano ndiyo oda yenyewe."

"Na vidonge vya chuma vyenye anakunywa?"

"Hivyo ni vifaa. Anavihitaji, lakini bila oda vinakaa tu. Sasa piga simu hospitali, uwaambie ukweli."

"Nasikia haya sana."

"Haya hiyo itampandisha damu Fanny?"

Généreuse akapiga. Alisema yote. Hakuna aliyemgombeza. Daktari aliagiza dawa mpya. Alisema damu ya kuongezewa ingoje kwanza, na Fanny apimwe kila wiki. Safari hii Généreuse aliuliza mpaka akaridhika. Dawa ikae kwenye friji, rafu ya kati. Isigande, wala isitikiswe. Akaibandikia karatasi yenye herufi kubwa, watoto wasiiguse.

Wiki ya nane ya dawa mpya, kipimo cha damu kilipanda kutoka nane hadi kumi. Habari ya kuongezewa damu ikaisha.

Siku hiyo walirudi na gunia la mchele. Généreuse alikuwa bado katikati ya ngazi, ameegemea ukuta, anahema. Fanny alimpita mbio, asisimame hata mara moja.

"Mama, hurry up!" aliita kutoka juu.

Généreuse akalitua gunia, akacheka huku machozi yanamtoka.