Nilimsingizia Mwali wa Kona

Siku ile niliamka saa nane za usiku kukanda unga, na saa kumi na mbili jioni bado nilikuwa nyuma ya usukani. Kreti mbili za mikate zilikuwa zimebaki, za duka la Vaimasina, kijiji cha mwisho. Nikizishusha hizo, nakwenda kulala. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia tangu mchana.

Naitwa Lafaele. Wakati ule nilikuwa dereva wa kiwanda kidogo cha mikate, kaskazini mwa kisiwa cha Savai'i. Nilikuwa pia mkandaji wa unga wa kiwanda hicho hicho, maana tajiri wangu hakuona sababu ya kuajiri watu wawili wakati mmoja bado anaweza kusimama. Sikulalamika. Nilikuwa na majivuno ya kijinga. Nilipenda kusikia watu wakisema Lafaele hachoki.

Nilishusha vioo. Nikaimba. Nikajipiga makofi mashavuni. Dereva akishafikia hatua ya kujipiga makofi, usingizi umekwisha kumshinda, ila hakuna anayependa kuambiwa hivyo.

Tena nilikuwa na haraka. Jua likizama, baragumu la sala hulia Vaimasina, na vijana wa kijiji husimama barabarani na fimbo kuzuia magari mpaka watu wamalize kusali. Ningezuiwa nusu saa. Leo ningetoa chochote kwa nusu saa ile. Ningelaza kichwa kwenye usukani, nikasinzia, na yote haya yasingetokea. Lakini nilikanyaga mafuta.

Kabla ya kijiji kuna kona. Pana chemchemi pale, na mlangilangi mmoja mkubwa unaonukia hata usipochanua. Pale anakaa Mwali. Hakuna dereva wa upande wetu asiyemjua: mwanamke wa kale, mzuri, mwenye wivu, asiyependa kuona msichana mwingine ameachia nywele wazi jioni. Ukipita kwake unapunguza mwendo, unainamisha kichwa, unasema, "Samahani, napita."

Mimi sikusema.

Nilikuwa nimelala.

Kwa muda gani, sijui. Sekunde tatu... nne...

Puu.

Sauti ilikuwa laini, na ulaini wake ndio ulionitia hofu. Halafu gari likapanda mawe meusi ya volkano, kreti zikaruka, mikate ikatawanyika barabarani.

Aliyelala majanini alikuwa Fuatino, mwalimu wa watoto wadogo, binti wa pekee wa Mama Tausaga. Alikuwa ametoka kuoga chemchemini, anawahi nyumbani kabla ya baragumu. Nywele zake zilikuwa bado mbichi. Nilimshika mkono, nikamwita, nikamwita tena. Mkono ulikuwa na joto. Kisha baragumu likalia kijijini, na mimi nikajua nazungumza peke yangu.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Palepoi, mwenye shamba la jimbi karibu na pale. Alimtazama Fuatino. Akazitazama zile nywele. Akauinulia macho mlangilangi. Kisha akanishika bega, akanong'ona.

"Umemwona, siyo?"

"Nani?"

"Kijana, usinifiche mimi. Mwali. Kasimama mbele ya gari, ukamkwepa."

Ona jinsi ilivyokuwa rahisi. Uongo ule sikuutunga. Niliandaliwa, nikapakuliwa, nikawekewa mbele. Kazi yangu ilikuwa kula tu.

"Ndiyo," nikasema. "Nimemwona."

Polisi aliyekuja aliniuliza kuhusu mwendo, akakagua matairi. Nilipomtaja Mwali aliacha kuandika. Akatazama nyuma yake, akasogea.

"Alivaa nini?"

"Nyeupe."

"Ahaa..."

Hakuniuliza niliamka saa ngapi. Hakuna aliyeniuliza, hata tajiri wangu, na yeye alijua.

Kufikia siku ya tatu hadithi ilikuwa imeota miguu. Niliisikia dukani, mimi nimesimama nyuma ya mlango, nao hawajui nipo.

"Kwani alitafuta nini pale na minywele imeachwa wazi vile?"

"Si alikuwa anaringa nayo! Kila mara tunamwambia, binti, funga."

"Basi kajitakia. Mwali hana kosa."

Msichana ameuawa na mwanamume aliyesinzia, na anayehukumiwa ni yeye. Nilisimama pale na aibu ikinichoma mpaka masikioni. Na nikanyamaza.

Jioni hiyo Mjomba Ioane, mkuu wa ukoo wetu, aliniita.

"Kesho alfajiri tunakwenda kwa kina Fuatino kufanya ifoga, kuomba radhi. Utapiga magoti mbele ya nyumba yao, tutakufunika mkeka wa bibi yako. Ukae hapo. Usiseme neno, mwenye kusema ni mimi. Wakikufunua, umesamehewa."

"Na wasiponifunua, mjomba?"

"Fuatino ana kaka watatu, na kila mmoja ana panga lake." Alinitazama kwa huruma. "Shukuru Mungu ni Mwali. Ingekuwa uzembe wako, hata mimi nisingethubutu kukupeleka."

Tulifika saa kumi na moja alfajiri. Nyumba ilikuwa giza. Wazee wetu waliweka chini kuni na mawe ya kuokea, kama desturi inavyotaka: tumekuja wenyewe, mkitaka kutuoka, tuokeni. Nikapiga magoti kwenye changarawe. Mkeka ukashuka juu ya kichwa changu, mwepesi kama kitambaa, una harufu ya sanduku la bibi.

Kimya.

Jogoo mmoja. Mtoto akikohoa mahali. Pumzi yangu mwenyewe, moto, inanirudia usoni.

Kisha ile harufu ya sanduku ikaondoka.

Ikaja ya mlangilangi.

Nilidhani ni upepo. Lakini hapakuwa na upepo. Harufu ilikuwa humo ndani, chini ya mkeka, na ilikuwa inazidi. Goti likagusa goti langu. La baridi.

Nilifumba macho kwa nguvu zangu zote.

"Lafaele."

Haikuwa sauti ya mjomba.

"Ulisema uliniona."

Nywele zilipita juu ya mkono wangu, taratibu, nyingi, hazikwishi...

"Nilivaa nini?"

"Nye... nyeupe."

Alicheka kidogo, puani.

"Sijapata kuvaa nyeupe tangu nizaliwe. Nilikuwa juu ya mti wangu, Lafaele. Nikaona gari linakuja, dereva kafumba macho. Nikakuita. Kwa jina lako nilikuita, mara mbili. Hukuamka."

Ningependa kukwambia nilimwomba Mungu. Sikukumbuka hata jina lake.

"Nisamehe," nikanong'ona.

"Sikuja kwa msamaha. Nimekuja kuuliza. Yule ni wako, au ni wangu?"

"Nani?"

Hapo nikasikia meno. Meno ya mtu anayetetemeka kwa baridi, nyuma yangu, karibu kabisa. Tone la maji likaangukia kisigino changu. Halafu jingine.

"Ninayemuua mimi anakaa kwangu," Mwali alisema. "Anayeuawa na mtu anakwenda zake, kwa waliomtangulia. Wewe umeambia kijiji kizima kwamba ni wangu. Sikumtaka. Lakini nikipewa, napokea. Jua likichomoza na neno lako ni lile lile, naondoka naye."

Mlango ukafunguliwa.

Nilisikia nyayo za wanaume zikija, na chuma kikiburuzwa juu ya jiwe. Mjomba alianza kusema, maneno mazuri, ya kale. Hakufika mbali.

"Nyamaza, Ioane. Nataka kuzungumza na mtoto."

Alikuwa Mama Tausaga. Alikuja akasimama mbele yangu. Kupitia nyuzi za mkeka niliona pindo la nguo yake, na miguu yake mitupu.

"Lafaele, sikuulizi mengi. Nakuuliza moja. Watu wanasema mwanangu kajitakia. Wanasema ni nywele zake. Mimi ndiye niliyemtuma chemchemini, mwanangu. Nilimwambia, nenda kaoge haraka, sala inakaribia. Wewe ulikuwepo. Niambie ilivyokuwa. Ukiniambia kweli, vyovyote itakavyokuwa, mkeka nitaufunua kwa mkono wangu."

Mjomba akakohoa. Kikohozi kile nilikielewa.

Panga likakwaruza tena juu ya jiwe.

Na chini ya mkeka, vidole vikaingia kiganjani mwangu. Havikuwa vya Mwali. Vilikuwa vidogo, vimelowa, na vilinibana kama mtoto anavyokubana mkono mnapovuka barabara.

*Sema.*

Nilifungua mdomo. Nakuapia, neno lilikuwa pale. Nilisinzia. Ni neno moja tu, na mama yule alikuwa ameshanipa ahadi. Lakini ahadi ilikuwa yake, na mapanga yalikuwa ya wanawe.

"Nilimwona Mwali, mama," nikasema. "Sikuwa na la kufanya."

Vile vidole vikaniachia.

Ni hivyo tu. Hapakuwa na kelele wala kilio. Vilifunguka, kimoja baada ya kingine, vikaniachia.

Mkeka ukafunuliwa. Mama Tausaga alipiga magoti kwenye changarawe, akanikumbatia, akalia shingoni mwangu mpaka kola ikalowa. Wanaume walitupa mapanga wakaanza kulia nao. Jua lilikuwa linachungulia. Na juu ya bega la mama yule, niliona wanawake wawili wakitembea barabarani kuelekea kona. Mmoja mrefu, hakugeuka. Wa pili, maji yakimchuruzika mgongoni, aligeuka mara moja.

Hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake.

Mahakamani, kwa kuwa familia ilishanisamehe, nilinyang'anywa leseni tu. Tajiri akaajiri kijana mwingine, peke yake, kwa kazi zile zile mbili. Usingizi niliokuwa nikiutamani siku ile haukunijia tena. Nilivumilia mwezi mmoja. Halafu nikaenda kwa Mama Tausaga mchana kweupe, nikamkuta anakuna nazi, nikamwambia. Yote. Saa nane za usiku, makofi, usingizi. Mwali. Vidole.

Hakusimama. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu.

"Ungeniambia chini ya mkeka," alisema.

"Niliogopa, mama."

"Najua. Mimi nilikuwa na msamaha mmoja tu, Lafaele. Nilijitayarisha siku tatu usiku na mchana kuutoa. Nikakupa. Wewe ukauchukua kwa jambo ambalo halikutokea." Akakung'uta mikono. "Kwa hili lililotokea, sina mwingine."

Hakuwaambia wanawe. Sijui kwa nini. Nadhani alitaka niishi.

Siku ya pili yake, jioni, alichukua kigoda na kitana, akaenda kukaa pale konani.

Ni kona mbaya, na tangu habari zienee imekuwa mbaya zaidi. Zamani watu walipunguza mwendo kwa heshima. Sasa wanasema wapo wawili, na kila dereva akikaribia anakanyaga mafuta apite upesi. Wengine hufumba macho kabisa. Kwa hiyo mimi hutangulia na kusimama hatua ishirini kabla ya kona, na tochi. Nayasimamisha magari. Namulika macho ya dereva. Nauliza, umeamka saa ngapi? Umekula? Hiyo simu iko mapajani inafanya nini? Nimetandika jamvi chini ya mti wa mkunazi, anayesinzia namlazimisha alale hata robo saa. Wananitukana.

"Toka hapa, muuaji! Wewe wa kunifundisha mimi kuendesha?"

"Ndiyo, mimi. Lala."

Wengine hulala. Tangu nianze, hajafa mtu pale. Ningependa kusema ni kwa ajili ya tochi yangu. Au labda Mwali ametosheka. Sijui.

Mama Tausaga hanisemeshi. Anakaa kwenye kigoda chake kando ya barabara na kuchana hewa kwa kitana, juu hadi chini, polepole, namna unavyochana nywele ndefu za mtu aliyeketi chini mbele yako. Watu wanasema amechanganyikiwa. Nami nilisema hivyo, moyoni, mpaka juzi.

Juzi kitana kilinasa.

Nilikiona kwa macho yangu. Kilishuka kidogo, kikakwama hewani, mkono wake ukavutika. Mtu akaguna kwa maumivu.

"Pole, mama, pole," Mama Tausaga alisema. "Fundo hili tu. Tunamaliza."

Alilifungua kwa vidole, kwa subira. Kisha akageuza uso upande wa kushoto, pasipokuwa na mtu.

"Na wewe tulia. Nikimaliza huyu, nakuchana na wewe. Ila usiku mmoja, mmoja tu, uniazime nirudi naye nyumbani."

Harufu ya mlangilangi ikaja mpaka pale niliposimama. Nilisubiri nisikie jibu. Nilisubiri kwa moyo wangu wote.

Gari lilikuwa linakuja, kwa kasi. Ikabidi nigeuke na kuinua tochi.