Jina Ambalo Esmat Hakulitaja

"Alikuwa na mwanamke, Ghati! Amesema mwenyewe!"

Akinyi, aliyeishi naye nyumba moja, aliubwaga mfuko wa sukuma wiki mezani bila hata kuvua koti. Ghati alikuwa kwenye sinki, mikono imejaa povu.

"Nani kakwambia?"

"Lawyer wake, Cheryl. Alipiga hapa ukiwa kazini. Ati huyo mtu wa Annandale akipigwa nondo, Esmat alikuwa kwa mwanamke, lakini jina hataki kutaja. Sasa Cheryl anamtafuta huyo dame kwa kila namba iliyo kwa simu yake."

Esmat, mpenzi wa Ghati, alikuwa mwanajeshi kwao Afghanistan kabla ya kuletwa Virginia, Marekani, na kupata kazi ya kupakia mizigo karibu na uwanja wa ndege wa Dulles. Polisi walimkamata Jumamosi, mchana kweupe. Na Jumamosi nzima Ghati alikuwa akiwaogesha wazee wake kule anakofanya kazi, zamu mbili mfululizo. Sasa huyo mwanamke ni nani?

"Na ukumbuke," Akinyi akaongeza, "wewe kwa simu yake huna hata jina. Ukimpigia inatokea namba tu. Mtu anakuficha hivyo, na wewe unamnunulia zabibu za pilau!"

Kichwa cha Ghati kilivurugika. Kama Esmat alikuwa na mwanamke, basi hakumpiga mtu. Kama hakuwa naye, basi ni mhalifu. Sasa amwombe Mungu lipi kati ya hayo? Akafungua simu yake ya kukunja, akamwandikia Cheryl:

"Mwanamke huyo si mimi. Lakini nataka kumwona Esmat."

Jibu likaja: "Njoo kesho na kitambulisho."

Kesho yake, kule mahabusu, kioo kinene kiliwatenganisha. Esmat alishika mkono wa simu upande wa pili, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Walizungumza Kiingereza chao cha kuokoteza.

"Jumamosi ulikuwa na nani?"

"Jumamosi? Nilikuwa kazini. Walinifunga pingu mbele ya wenzangu."

"Usinizungushe! Mtu alipopigwa ulikuwa na nani?"

"Alipigwa Alhamisi jioni. Walioona wanasema ni mtu mwenye ndevu na koti la kijeshi, basi wakanifuata mimi."

Ghati alihesabu siku kwa vidole. Kumbe watu walichukua siku ya kukamatwa wakaifanya siku ya kosa, naye akameza bila kutafuna! Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akinyi alikuwa kazini. Esmat alikuja na karoti zake kumfundisha pilau la kwao, wakampelekea bakuli Mzee Gregori wa ghorofa ya chini, wakacheka mpaka usiku.

"Esmat! Alhamisi si ulikuwa kwa..."

"Nyamaza!" Alipiga kioo kwa kiganja. "Simu hizi wanazisikiliza."

"Wasikilize! Kwa nini hukuwaambia?"

"Wale polisi ni wanaume nisiowajua, na Cheryl angewapelekea. Kwetu jina la mwanamke wako hulitaji mbele ya wanaume. Wangelitamka, wangelicheka. Hata kwenye simu sikuliandika."

"Nilidhani unanificha."

"Nakuficha, ndiyo. Kitu cha thamani hukianiki barazani."

Ghati alimkumbuka mama yake kule Tarime, ambaye hakuwahi kulitamka jina la baba mkwe wake hadi mzee anazikwa. Akaelewa, na hasira ikampanda vilevile.

"Yaani ufungwe kwa ajili ya jina langu?"

"Nimelala handakini kwa ajili ya mambo madogo kuliko hilo. Usiseme, nakuomba. Kanisani kwenu watakuonaje?"

Hapo alimgusa penyewe. Ghati alikuwa mwanakwaya, na kaka yake Nehemiah ndiye mwinjilisti. Huko hakuna aliyejua habari za Esmat. Aliogopa, tena sana.

"Watasema," akajibu hatimaye. "Wakichoka watanyamaza."

Siku ya kesi alisimama mbele ya hakimu.

"Jina lako?"

"Ghati," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Esmat akainamisha kichwa. Baada yake Mzee Gregori akaeleza habari za bakuli la pilau. Kabla jua halijazama, simu ya Ghati ikalia ujumbe:

"Dada, ni kweli hayo? Umetuvua nguo."

"Ni kweli, kaka. Njoo umwone kabla hujamhukumu."

Mashtaka yalipofutwa na Esmat akatoka, Nehemiah alikuwa nje, mikono kifuani. Pembeni walisimama Akinyi, Mzee Gregori na polisi wawili.

"Wewe ndiye uliyekuwa kwa dada yangu?"

"Ndiyo."

"Unamtaka nani? Sema nisikie."

Esmat aliwatazama wanaume wale, mmoja mmoja.

"Ghati," akasema. "Namtaka Ghati."

"Weuwe!" Akinyi akapiga makofi. "Kumbe analijua!"

Ghati alilia palepale bila kujificha. Nehemiah akaishusha mikono.

"Basi njoo kwangu Jumapili. Lakini kwetu mwanaume hajisemei mwenyewe. Uje na mzee wako."

Esmat aliangalia huku na huku. Wazee wake wote walikuwa wamebaki kwao, wengine ardhini.

Mzee Gregori, Mkongomani wa Bukavu, akakohoa na kusogea mbele na mkongojo wake.

"Mimi nilikula pilau yake," akasema. "Voilà, basi. Mimi nitamusemea."