Sinia la Jini wa Hashimu

Hashimu alikuwa chooni, tumbo linamwendesha, na uani kila mtu alimsikia. Sasa nani aliyepiga mwayo chumbani kwake?

Bi Mwaisha alisimama mlangoni na ndoo yake. Chumba kitupu. Godoro limelowa, shuka limejiviringa kama utumbo wa mbuzi, na harufu ya jasho lililochacha na matapishi ya nyongo imejaa mpaka darini. Mwayo ukaja tena, mrefu, wa kivivu, kutoka kwenye pembe isiyo na mtu, ukaishia kwa kulamba midomo.

"Kapigie miayo yako nje," alisema bibi. "Humu nasafisha."

Akamwaga maji kuelekea pembe ile, akaanza kusugua.

Mjukuu wake alirudi toka Dar amebaki macho na meno. Unga alioanza kuvuta kwa mzaha ulikuwa umemmaliza. Akapanda mpaka huku kilimani, juu ya Bigwa, akasema, "Bibi, nataka kuacha." Mjini kuna kliniki ya dawa za kuwaachisha, na nesi alishamwambia bibi amlete. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikawawahi. Kamasi kama bomba lililopasuka, ngozi kama ya kuku aliyenyonyolewa, kutapika, kuhara, miguu inapiga mateke ukutani bila kutumwa. Vijana wa bodaboda walimtazama mara moja wakawasha pikipiki wakaondoka. Nani apakize mtu anayevuja juu na chini?

"Mume gani wewe," bibi alimwambia akimfuta, "unaninyea kitanda hata mahari hujatoa."

Hashimu akacheka, na kicheko kikaishia kwenye beseni. Bibi akamnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Yakitoka, anaanza upya.

Aliyeleta habari ya jini ni Furaha, mama yake Hashimu. Hakutaka majirani waseme mwanawe ni teja. Jini ana heshima yake bwana, hata kwa shehe unamtaja. Akamwita mganga Stambuli.

Stambuli alifika alasiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Akafukiza ubani, akamfunika mgonjwa shuka jeupe, akaweka sinia tupu sakafuni. Taratibu zinajulikana: jini huulizwa anataka nini, anawekewa kwenye sinia, akishakula anaondoka. Mwingine hutaka halua, mwingine marashi, mwingine damu ya jogoo.

"Bwana mkubwa," Stambuli alinong'ona, "sema haja yako."

"Nataka changu."

Midomo ya Hashimu ilikuwa imefumba. Sauti ilitoka kwenye beseni la matapishi.

"Chako kipi?" Mganga alikuwa anarudi nyuma kwa makalio.

"Mama anacho."

Furaha akafungua pindo la khanga. Kete ya unga hiyo, imefungwa kwenye nailoni. Akaiweka kwenye sinia, analia. "Mama, nisamehe. Si mlitufundisha wenyewe jini apewe anachotaka?"

"Huyu?" bibi alisema. "Huyu ukimlisha ndiyo anahamia na vyombo vyake."

"Usiguse, Bi Mwaisha," Stambuli alinong'ona. "Sinia likishawekwa halirudishwi. Ukiondoa, anaondoka na mgonjwa."

"Na nikiacha, atamwacha?"

Beseni likaanza kuumuka.

Kitu kikapanda ukingo wake polepole, rangi ya kohozi, hakina nywele wala macho, kina mdomo tu, na mdomo ule ulikuwa wa Hashimu na pengo lake la mbele, kikadondoka sakafuni, kikaanza kujiburuta kwenda kwenye sinia, na chini ya shuka mkono wa Hashimu nao ukatoka ukatambaa kuelekea kulekule, kwa mwendo uleule, vidole vinakwaruza simenti, na Hashimu analia, "Bibi, uondoe unga, huu mkono mimi siwezi kuuzuia," mpaka bibi akainama kati yao akaipokonya kete, ute wa baridi ukamganda mpaka kwenye kiwiko, akatoka nayo uani kwenye ukungu, na nyuma yake kitu kinakuja chapachapa, kinamlamba visigino, kinamwita kwa sauti ya Hashimu wa utotoni aliyekuwa hajajua kutamka maneno vizuri, "Bibi, nipe, nipe," naye anakwenda tu, mpaka chooni, akaitupa kete shimoni, na kile kitu kikapita katikati ya miguu yake, laini na baridi kama ini la ng'ombe, kikaifuata.

Chini kule kikasikika kinakula.

Bi Mwaisha alishika ukuta akatapika, yeye aliyefuta uchafu wote ule bila kukunja uso.

Aliporudi ndani Stambuli hayupo, ameacha ubani wake na kandambili moja. Hashimu alilala. Alipoamka aliomba uji. Wakambeba kwa machela mpaka barabarani, na kule kliniki nesi akawafokea: mtu aliyekauka maji hivi mlimweka ndani mnafukiza? Akampa dawa. Choo wakakifukia kwa mawe na udongo, wakachimba kingine upande wa pili.

Tangu hapo Hashimu anashuka kila asubuhi, anakunywa dawa yake dirishani nesi akimtazama. Mashavu yamerudi. Furaha ameanza kumtafutia mchumba.

Juzi bibi alikwenda kuchuma mchicha, akamkuta mjukuu wake amepiga magoti pale kwenye choo cha zamani. Mawe ameyapanga pembeni. Mikono imezama udongoni mpaka mabegani, na harufu ile imeshaanza kutoka.

"Umefika wapi?" bibi aliuliza.

"Karibu." Hakuinua uso. "Ananibembeleza, Bibi. Anasema nyumbani kwake ni mimi."

Bibi hakuuliza nani. Alikuwa anamsikia.

Akaenda akaleta jagi na sabuni ya mche. "Nawa. Mpaka ndani ya kucha. Ukichelewa, dirisha la dawa linafungwa."

Hashimu akaitoa mikono, mmoja mmoja, akanawa.

Wakashika njia ya mteremko, bibi mbele. Hawajafika kwenye migomba, nyuma yao, pale kwenye choo cha zamani, jiwe likasogea, likafuata la pili. Bibi akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akamkamata Hashimu kifundo cha mkono, akakaza mwendo.